Nilimfichia Mkwe Aibu, Nyumba Zetu Zikapelekwa Mnadani

Ilikuwa ule mwaka wa sukuma bila kitunguu. Mnaukumbuka. Kitunguu kilipanda bei mpaka mama mboga wa hapa Kabiria akawa anakikata vipande na kuuza kipande, na watu wakazoea kula mchuzi mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Mwaka huo, majirani wangu wakila chakula kisicho na harufu, mimi nilikula mbuzi wa mkwe. Nilimla mpaka mafuta yakaniganda vidoleni. Sasa huyo mbuzi ndiye ananila mimi.

Nimekosa! Nasema mapema ili usisome ukitafuta mtu mwingine wa kulaumu. Mkwe ana makosa yake na Mungu anamwona, lakini aliyemfungulia mlango ni mimi. Tena nilimfungulia nikitabasamu.

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Ukiona nimeandika vibaya, vumilia. Naandika kwa mkono wangu na sijampa mtu anirembeshee, kwa sababu aliyekosa ni mimi na si yeye.

Jina langu silitaji. Hata la mjukuu wangu silitaji, maana ni lile lile. Kwetu Wagikuyu, msichana wa kwanza wa kijana wako hupewa jina lako, kwa hivyo yule mtoto ni mimi nimezaliwa mara ya pili. Namwita Kajina. Baba yake, kijana wangu, tulimzika Kajina akiwa hajaota meno ya mbele, nikamlea mimi. Nikikwambia nampenda nitakuwa nakupunguzia.

Marehemu mzee wangu aliniachia ploti yenye nyumba za mabati. Nilichoka na mabati, nikachoka na wapangaji, nikataka nami nipande ngazi yenye vigae kama watu. Nikauza ploti nikanunua fleti karibu na Riruta. Wakati nanunua kulikuwa na shimo tu na picha kubwa kwa ukuta, picha ya watu weupe wakicheka kwa roshani. Nilipewa mkataba, nikaambiwa taito yangu, yaani hati ya kumiliki, itakuja jengo likiisha.

Jengo liliisha. Tuliingia. Taito haikuja.

Wale tulionunua tukaunda chama cha wenye nyumba, na mimi nikachaguliwa mwenyekiti. Hawakunichagua kwa kusoma. Walinichagua kwa sababu nina mvi na siogopi mtu. "Mama Mwenyekiti!" Nilipenda hilo jina jamani. Nilikuwa nikisikia likiitwa kutoka getini, natembea polepole ili liitwe tena.

Kwangu chama kilikuwa ni kazi ya kukalipia watu. Nani amemwaga taka, mbwa wa nani amekojoa kwa ngazi, gari la nani limeziba lingine. Kulikuwa na mama wa orofa ya tatu, Mama Brayo, aliyekuwa anaanika suruali za mumewe kwa roshani ya mbele. Nilimpandia juu mimi mwenyewe. "Toa hizo bendera! Hii si kambi ya wakimbizi!" Alizitoa akilia. Nikashuka nikijiona nimefanya kazi.

Katibu wetu alikuwa Jaspal, yule wa kilemba, mwenye duka la spea za magari. Familia yake imekaa Nairobi kabla mimi sijavaa kiatu. Jaspal, aliyezoea kuniita Shosho, yaani nyanya, ndiye alianza kuuliza mambo.

"Shosho, hii chama si ya taka peke yake," aliniambia siku moja tukiwa kando ya tenki. "Hii ngazi, hii tenki, kisima, paa, mpaka hii mchanga tumesimama juu, sheria inataka iwe yetu sisi wote pamoja. Halafu kila mtu na taito ya nyumba yake. Sasa iko wapi?"

"Itakuja," nikasema.

"Inakuja na miguu ama na punda?"

Tukaenda kwa wakili, ofisi yake iko Hurlingham, msichana mdogo anaitwa Achieng. Nilimwona mdogo nikamdharau, lakini aliongea kama mtu anayepasua kuni: kidogo, na panapasuka. Alituambia ardhi yote bado iko kwa taito moja, kwa jina la yule aliyejenga. Sisi tuko na mikataba tu. Kesho akitaka kuiweka rehani akope, ataweka, na sisi tutakuwa ndani ya rehani tukilala na blanketi zetu.

Nikamwuliza, "Na sheria imelala?"

"Haijalala, mama. Mnunuzi anaruhusiwa kuweka zuio pale ofisi ya ardhi. Likiandikwa pale, huyo mtu hawezi kuuza wala kukopea hiyo ardhi kabla nyinyi hamjaambiwa na kusikilizwa."

"Ni kama kumfunga ng'ombe kamba."

"Kamba ya mguu, mama. Na tumfunge mapema."

Wote tuliokuwepo tukatia sahihi. Mimi nikatia yangu kubwa, herufi zimesimama kama nguzo za stima. Ikabaki mwenzetu mmoja aliyekuwa safarini, wakili akasema yake ikifika tu anapeleka. Ingeishia hapo, leo singekuwa na la kuwaambia.

Sasa yule aliyejenga ana kijana. Huyo kijana alikuwa akija kusimamia watu wa kuweka kabro, yale matofali ya chini, kwa uwanja. Kajina akampelekea maji ya kunywa siku moja ya jua. Akampelekea tena siku ya mawingu. Siku ya mvua nilipoona anatoka na gilasi nikajua maji yamekwisha na kumeanza mambo mengine.

Sikukasirika. Nilifurahi! Kijana mwenyewe ana adabu, hata leo sina neno baya juu yake. Kwa sababu Kajina ni mimi, aliniita "bibi yangu" kwa mzaha wetu wa kikwetu, nami nikamwita mume na kumwuliza mbona hajaniletea nyama. Wakaja na wazazi kujitambulisha. Ruracio ikapangwa, yaani ile siku ya kuongea mahari. Yule developa niliyekuwa nikimwandama na chama, siku moja tu akageuka akawa mkwe.

Usiyejua mambo yetu hutaelewa hilo neno lina uzito gani. Mkwe hakemewi. Hukai kitako hovyo akiwa ndani. Mkwe hata akikanyaga mguu wako unamwuliza kama yeye ameumia. Tunasema ukwe hauishi, hata mahari huwa haiishi kulipwa, makusudi, ili hizo nyumba mbili zisiachane. Nimelelewa hivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Siku chache kabla ya ruracio, Mkwe alikuja kwangu peke yake. Mchana, nimeketi nachambua maharagwe ya njahi. Mtu huyu nilizoea kumwona akishuka kwa gari kubwa, simu sikioni. Siku hiyo alivua kofia mlangoni. Nikamwonyesha kiti cha sofa, akakataa, akakaa kwa kile kistuli cha jikoni, magoti juu kama kijana aliyetahiriwa jana. Nikampa uji. Akaunywa wote kabla ya kusema neno.

"Mama," akasema, "nimesikia chama chako kinataka kunifunga kamba."

Nilishtuka. Maneno ya ndani ya ofisi ya wakili, mpaka hiyo kamba yangu, yametokaje? Nilipaswa kujiuliza hapo hapo. Sikujiuliza, na mpaka leo sijajua nani alimpelekea.

"Ni mambo ya wakili tu," nikasema.

"Sawa, mama. Sijaja kukuzuia. Mimi ni nani nikuzuie?" Akazungusha kikombe mkononi. "Naona tu aibu. Jumamosi nitasimama na wazee wangu mbele ya wazee wenu. Tutakula pamoja, tutabarikiwa. Na nyuma ya mgongo jina langu limeandikwa ofisi ya ardhi kama la mwizi. Wazee wakisikia, watauliza huyu mama alitaka ukwe au alitaka kesi?"

Nikarudisha macho kwa njahi.

"Taito zenu ziko njiani," akasema. "Nipe mpaka harusi iishe. Lakini fanya vile moyo wako unakuambia."

Akasimama, akasukuma kistuli mahali alipokitoa, akaenda. Hakuniomba kitu. Hiyo ndiyo sumu yenyewe! Angeniomba ningekataa, mimi najijua. Aliniachia niseme mwenyewe.

Hata uji wa kwa sufuria haujapoa, nikachukua simu. Kuandika kwa hizo herufi ndogo siwezi, kwa hivyo nikamrekodia wakili kwa wasapu. Nilisema, "Wakili, ni mwenyekiti. Simamisha lile zuio. Chama kimekaa, tumekubaliana tungoje kidogo."

Chama hakikuwa kimekaa. Aliyekaa ni mimi na njahi.

Wakili akanirudia, "Mama, una uhakika? Mlikaa lini? Katibu alikuwepo?"

Nikakasirika. Mtoto mdogo ananiuliza mimi maswali! Nikarekodi tena: "Mimi ndio mwenyekiti. Nikisema, ni chama kimesema."

Jioni nikakutana na Jaspal getini amebeba mkate. Akauliza kama yule mwenzetu wa safarini ametuma sahihi yake.

"Ametuma," nikasema. "Na zuio limewekwa. Lala usingizi."

"Wacha! Umesema kweli, Shosho? Wewe ni simba!" Akanipa mkono. Nikaupokea.

Ruracio ilikuwa nzuri, siwezi kuwadanganya na hilo. Mahema meupe, mukimo wa viazi wa kujaza karai, uji wa kimera uliochacha ukachachuka. Kajina alifunikwa shuka pamoja na wasichana wengine, kijana akaambiwa amchague mke wake, akamshika sawasawa bila kukosea, wanawake wakapiga vigelegele mpaka wenye magari huko barabarani wakasimama. Mkwe alinivisha blanketi zito begani mbele ya wote. Akaniinamia sikioni akasema, "Asante, mama. Wewe unajua heshima."

Nilijisikia malkia. Hata nilimtazama Jaspal, ambaye nilimwalika, akila mbuzi na familia yake pale meza ya nyuma, nikajiambia: si unaona mambo yanavyotengenezwa na watu wazima?

Baada ya hapo mambo yalianza kubadilika, lakini polepole, kama maziwa yanayoharibika. Huoni. Unanusa.

Kwanza kibao chenye jina la kampuni ya Mkwe kilitolewa ukutani. Hakuna aliyesema kwa nini. Yakabaki matundu ya misumari. Halafu mlinzi wetu, mzee aliyekuwa akinibebea gunia la makaa, akaondoka bila kuaga, akaletwa mwingine asiyeamkia mtu. Unamwambia "habari" anaangalia viatu vyako.

Siku nyingine akaja mwanamume wa viatu visafi. Alizunguka uwanja akipiga picha. Hakupiga nyumba. Alipiga picha pembe za ardhi, alipiga kisima, alipiga geti. Nilikuwa juu kwa roshani nikamwita, "Wewe baba, unatafuta nani?"

Aliinua uso, akatabasamu na kunipiga picha mimi pia. Akaenda.

Nikampigia Mkwe. "Ni watu wa bima, mama," akasema. Mara ya pili nilipompigia, mke wake akasema anaoga. Mara ya tatu simu ililia mpaka ikachoka. Kajina naye, ambaye alikuwa ameshahamia kwa mumewe, alianza kuongea nami kama mtu aliyesimama na mwingine nyuma yake. "Shosho, tutaongea." Tutaongea lini? "Tutaongea tu."

Usiku silali, mchana sili. Lakini jueni hili: hata hapo sikusema. Ningeenda kwa Jaspal siku ile ya picha, labda tungeokoa kitu. Niliona haya. Haya ni kitu kibaya, inakuziba mdomo na huku inakuachia macho uone yote.

Asubuhi moja tukaamka tukakuta tangazo limebandikwa getini. Watu wamejazana. Kizungu kitupu. Jaspal akavaa miwani akasoma kimya kimya mpaka mwisho, halafu akarudi juu akasoma tena.

"Ni nini?" watu wanauliza. "Jaspal, ni nini?"

"Mnada," akasema. "Hii ploti yote na kila kitu juu yake. Aliikopea. Hajalipa. Mwenye kumkopesha anauza."

Mama Brayo alikaa chini kwa kabro, kitako, na mtoto mgongoni.

"Lakini haiwezekani," Jaspal akaendelea, kama anajibembeleza. "Tuliweka zuio. Na zuio ikiwa pale hangeweza kukopea." Akageuka akanitazama. Wote wakageuka wakanitazama. "Si tuliweka, Shosho?"

Jua lilikuwa linawaka. Naikumbuka kofia ya yule mlinzi mpya, naukumbuka ukimya wake. Nikafungua kinywa changu, na mvi zangu hizi kichwani, nikasema, "Tuliweka."

Mara ya pili! Mchana kweupe, mbele ya watoto!

Siku hiyo hiyo tulienda Hurlingham. Ofisi ni ndogo, wengine walisimama kwa ngazi. Wakili Achieng alitusikiliza, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Zuio halikuwekwa. Niliagizwa nisimamishe."

"Na nani?" Jaspal akauliza.

Wakili akageuza kiti akanielekea. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Alinipa nafasi kabisa, nami nikatazama dirishani, nje magari ya barabara ya Argwings Kodhek yanapita kama kawaida, kama hakuna kitu. Akashika simu yake, akaiweka mezani.

Ikatoka sauti yangu. Ee Mungu! Sijawahi kusikia sauti yangu hivyo. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayejisikia, aliyeshiba, aliyeketi vizuri. "Mimi ndio mwenyekiti. Nikisema, ni chama kimesema."

Halafu Mama Brayo, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akasema: "Suruali za mume wangu uliniamuru nizitoe kwa kamba. Ukasema ni sheria ya chama. Kumbe sheria ya kunilinda ulikuwa umeikalia?"

Kuna mwingine akasema nina bahati ni mzee. Jaspal hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Shosho, ungeniambia tu," akasema. "Ungesema, Jaspal, huyu ni mkwe, naona haya, fanya wewe. Mimi ningeweka. Mimi mwenyewe niko na wakwe, unafikiri hawanitishi? Lakini uliniambia nilale. Nikalala."

Wakaniondoa uenyekiti hapo hapo, wakampa Mama Brayo. Anafanya kazi nzuri kuliko yangu, hata sitaki kuficha. Chama kikaenda kortini. Jaji akasimamisha mnada kwanza, kwa muda, mpaka kesi isikizwe. Wakili anasema tuna nafasi, si kubwa, lakini ipo: hatukuwahi kukubali ardhi ikopewe, na mkopeshaji aliona watu wamejaa ndani ya hizo nyumba na mapazia yao, angeuliza. Kila kitu kimesimama hapo, kwamba hatukukubali. Hiyo nguzo ikianguka tumekwisha, sisi na mikataba yetu.

Kunigharimu? Nikianza kuwaambia sitamaliza. Naishi ndani ya nyumba ambayo sijui ni ya nani. Sinunui pazia. Nikisikia nyayo za mtu mgeni kwa ngazi nazima redio. Majirani wakinikuta wanashuka, wanasimama nipite, kwa heshima ya mvi, lakini hawasemi. Njia nzima mpaka Adams Arcade naenda na mtu wa orofa yangu tumekaa kiti kimoja cha matatu, anaangalia dirisha. Na aliye na nyumba yake leo kwa hilo jengo, akiipoteza, ameipoteza kwa sababu mimi nilitaka kuvishwa blanketi.

Nawe unayesoma, nisikize. Ukinunua nyumba, mkataba si nyumba. Ulizia ardhi iko kwa jina la nani, na usiulize mara moja. Sheria ya kukulinda ipo, lakini haikufuati nyumbani kukubembeleza, ni wewe uiendee. Chama cha wenye nyumba usikifanye cha kukaripia watu nguo na mbwa. Ni ukuta wenu, na ukuta haupewi mtu mmoja aubebe mgongoni, hasa mtu anayependa kusifiwa. Kama wewe ndiye mwenyekiti, usiseme neno la chama bila chama. Na kama mwenye kuwauzia ni ndugu, ni wa kanisa lenu, ni mkwe, hapo ndipo uweke zuio kwanza, halafu uende karamuni. Mkwe wa kweli atakula na wewe hata na zuio likiwa pale.

Wazee wenzangu, msiseme sisi hatujasoma ndiyo maana. Sikukosa kwa kutosoma. Niliambiwa kwa Kiswahili, nikaelewa, nikatia sahihi. Kisha nikabatilisha kwa ajili ya sifa.

Sasa niwaambie ya juma hili, kwa maana hayo ndiyo yamenifanya nishike kalamu. Ninavyoandika nimetia komeo mlangoni, na simu ya Kajina haishiki.

Jumanne Mkwe alikuja. Mara hii hakuvua kofia, wala hakutafuta kistuli. Alibaki amesimama katikati ya sebule yangu kama mtu anayepima kama meza yake itaenea. Alikuwa na karatasi kwa bahasha na kalamu nzuri. Akaniambia karatasi inasema chama kilikaa, kikakubali yeye akopee ile ardhi, na mimi nilikuwa mwenyekiti siku hiyo. Kinachokosekana ni sahihi yangu tu.

"Tarehe ni ya wakati ule," akasema. "Wewe ndiwe ulikuwa mwenyekiti. Hakuna uongo."

"Chama hakikukaa," nikamwambia.

"Mama, hata ule wakati hakikukaa, na ulisema kimekaa. Sauti yako si wanayo? Mara moja zaidi itakuumiza nini?"

Alikuwa amenigusa pale penye kidonda, na alijua.

"Kajina yuko chini," akasema. "Kwa gari."

"Kajina amekuja? Mbona hajapanda?"

"Nimemwambia angoje."

"Ni mjamzito, unamwachaje kwa jua? Mwambie apande anywe chai!"

"Atapanda, mama." Akaweka karatasi mezani, akailaza kalamu juu yake, akainyoosha mpaka ikalala sawa. "Tukimaliza hapa, atapanda. Kila Jumapili atakuwa akipanda. Mtoto akizaliwa utamshika. Sisi ni watu wa nyumba moja. Au wewe unataka tuwe watu wa nyumba mbili?"

Nikaenda roshani. Gari lilikuwa pale chini, limeegeshwa katikati ya geti, vioo vyeusi. Yule mlinzi asiyeamkia watu alikuwa ameegemea mlango wa nyuma, mgongo wake umeuziba. Nikamwita Kajina kwa jina lake, ambalo ni langu. Kioo hakikushuka. Huko kwa kamba za kando ya uwanja Mama Brayo alikuwa anaanua nguo, akasimama, suruali mkononi, akitazama juu kwangu.

Nikarudi ndani. Nilijua nikikataa huenda nisimwone huyo mtoto akiota jino. Nilijua pia ni watu wangapi wanalala orofa za juu na chini wakitegemea neno moja, hatukukubali.

Mkwe akaniwekea kalamu mkononi, akanikunja vidole juu yake, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Nikafungua vidole. Ikaanguka chini kwa vigae.

"Siweki sahihi," nikasema. "Okota kalamu yako utoke."

Hakukasirika, hilo ndilo lililonitisha. Alitoa simu mfukoni, akampigia dereva, akasema washa gari. Nikalisikia likiwaka. Akaishika simu mbali na mdomo, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ya upole, kama siku ile ya uji:

"Mama. Niwaambie waende naye?"

"Siweki sahihi," nikarudia. "Okota kalamu yako utoke."